Jinsi ya Kuishi kwa Kuimba Nyimbo za Vocaloid Mtandaoni

Tarehe 31 Agosti 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, Japani, ilitoa programu ya kompyuta inayoimba, ikaipa jina la Hatsune Miku. Sauti iliyomo ni ya mwigizaji Saki Fujita, imekatwa vipande vidogo vidogo, na mtambo wa Yamaha uitwao Vocaloid huviunga kufuata noti na maneno anayoandika mtunzi. Ilipofika Desemba mwaka huohuo, mtunzi anayejiita ryo alipandisha wimbo wake "Melt" kwenye Niconico, tovuti ya video ya Kijapani, na muda si muda watu wa kawaida wakawa wanauimba kwa makoo yao wenyewe na kupandisha matoleo yao. Waimbaji wa namna hiyo Wajapani huwaita utaite. Mimi naifuata njia hiyo nikiwa Dar es Salaam, na vijana wengi huniuliza kama kuna riziki humo. Ipo. Ila haikai pale ambapo wengi wanaitafuta, na ndiyo maana nimeketi kuandika mwongozo huu.

Shika hili tangu mwanzo: kava, yaani toleo lako la wimbo wa mtu mwingine, ni mlango tu. Video ya kava peke yake hulipa kidogo, na mara nyingi hailipi kabisa, kwa sababu wimbo si wako. Kinachokuja kukulisha ni sauti yako kujulikana mpaka watunzi wenyewe wakuite uwaimbie. Mtazame Ado, mwimbaji wa Kijapani. Januari 2017, akiwa na miaka 14, alipandisha kava yake ya kwanza Niconico, na kwa muda mrefu alikuwa akirekodi ndani ya kabati la nguo nyumbani kwao. Oktoba 2020 akatoa wimbo wake wa kwanza chini ya lebo kubwa, ulioandikwa na syudou, ambaye naye alitokea kwenye utunzi wa Vocaloid. Aprili 2024 akaimba siku mbili mfululizo katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo. Kutoka kava ya kwanza hadi lebo ilipita karibu miaka minne. Iweke hesabu hiyo kichwani kabla hujaacha kazi inayokulipia kodi ya nyumba.

Hatua ya 1: Chagua wimbo kwa koo lako

Wanaoanza huchagua wimbo wanaoupenda kuliko wote, kisha wanakwama kwenye mstari wa nne. Nyimbo hizi hazikutungiwa binadamu. Crypton wenyewe wanapendekeza Miku atumiwe kati ya noti A3 na E5, kwa mwendo wa mapigo 70 hadi 150 kwa dakika, lakini watunzi hawajali mipaka hiyo hata kidogo. Wapo wanaopita mapigo 200 na kumpandisha mpaka mahali ambapo hata sauti ya kwanza wa kwaya yako atafumba macho.

Na Miku hana mapafu. Mtunzi anaweza kumpa mistari mitatu mfululizo bila nafasi ya pumzi. Kwa hiyo kabla hujagusa maiki, chapisha maneno, chukua penseli, na uweke alama ya mkato kila mahali utakapovuta pumzi. Pasipo na nafasi, itengeneze: ifupishe silabi ya mwisho ya mstari kwa robo ya pigo, vuta pumzi fupi kwa mdomo, ingia mstari unaofuata kwa wakati wake. Kamwe usichelewe kuingia. Msikilizaji hatambui silabi iliyokatwa mwishoni, lakini mwanzo uliochelewa anausikia mara moja.

Wimbo ukiwa juu mno, shusha kii, yaani kimo cha wimbo mzima. Kushusha biti, yaani muziki usio na sauti ya mwimbaji, kwa nusu toni mbili au tatu kwa programu huwa hakuharibu sana. Ukizidi hapo ngoma zinaanza kusikika kama zimelowa maji. Baadhi ya watunzi huweka biti za kii tofauti tayari, kwa hiyo angalia kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta biti halali na ruhusa

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapoanguka. Kava yangu ya tatu niliiimbia biti niliyoikuta kwenye chaneli ya mtu nisiyemjua, aliyefuta sauti kutoka kwenye wimbo wenyewe kwa programu. Nilihangaika nayo wiki mbili. Siku ya tano baada ya kuipandisha ikaondolewa, na chaneli yangu ikabaki na onyo. Mwenye wimbo hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu.

Elewa kwamba kila wimbo una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani tuni na maneno. Ya pili ni ya rekodi, yaani lile faili la muziki unalolisikia. YouTube na Niconico zina mikataba na mashirika ya Kijapani yanayosimamia utunzi, JASRAC na NexTone, kwa hiyo kwa nyimbo zilizosajiliwa huko utunzi unakuwa umeshashughulikiwa. Rekodi haimo katika mikataba hiyo. Hata ukiimba vizuri vipi, faili la muziki lina mwenyewe, na huyo ndiye anayesema litumike au lisitumike.

Habari njema ni kwamba watunzi wa Vocaloid ni wakarimu kuliko wasanii wengi ninaowajua. Wengi huweka biti isiyo na sauti, wao huiita off vocal au inst, kwa ajili ya waimbaji. Iko sehemu mbili: kwenye maelezo chini ya video ya wimbo wenyewe, ambako kuna kiungo cha kupakua, na kwenye Piapro, tovuti iliyoanzishwa na Crypton mwaka 2007 ili watunzi, wachoraji na waimbaji wapeane kazi zao. Pembeni ya faili huwa pameandikwa masharti. Yasome yote, ukitumia programu ya kutafsiri kama hujui Kijapani. Utakutana na mambo kama "taja jina langu na kiungo cha wimbo", "usibadili maneno", "matumizi yasiyo ya biashara tu". Lile la mwisho ndilo linalogusa mfuko wako: kama mtunzi amekataza biashara, usiwashe matangazo kwenye video hiyo.

Masharti yasipokuwepo, andika barua pepe. Iwe fupi: jina unaloimbia, wimbo gani, utaupandisha wapi, na kama utapata pesa au la. Weka kiungo cha kazi yako moja. Subiri jibu. Ukimya usiufanye ruhusa.

Mambo mawili wageni huyasahau. Kutafsiri maneno kwa Kiswahili ni kubadili kazi ya mtu, nako kunahitaji ruhusa yake. Nimewahi kuomba mara mbili, nikakubaliwa mara moja. Na picha ya Miku mwenyewe iko chini ya leseni ya Crypton inayoruhusu mashabiki kuitumia bila biashara. Usimbandike kwenye fulana ukaiuza.

Hatua ya 3: Kiingize Kijapani kinywani

Katika kazi hii Mungu ametupa Waswahili mtaji ambao wengine wanauhangaikia miaka. Kijapani kina irabu tano, a i u e o, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu, kama kwetu. Rafiki zangu wanaozungumza Kiingereza nyumbani hutamka o kama ou na e kama ei, na Mjapani anawatambua kabla ya mstari wa kwanza kuisha. Wewe tamka tu kama unavyosema "soko" na "pete".

Zipo sehemu za kuangalia. Herufi n isiyofuatwa na irabu ni silabi kamili yenye pigo lake: neno hon, kitabu, lina mapigo mawili, ho-n. Sisi tuna kitu hichohicho katika m ya "mtu", ambayo husimama peke yake. Ukilielewa hilo la "mtu" umeielewa n ya Kijapani, na shinbun, gazeti, utaihesabu vyema: shi-n-bu-n, mapigo manne.

Urefu wa irabu hubadili maana. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Mswahili anayejua tofauti ya kufa na kufaa hana haja ya kufundishwa zaidi. Konsonanti mbili nazo hukaa pigo moja kimya: kitte, yaani stempu, ni ki, kimya, te. Ukimya huo uimbe, maana ndio unaoupa wimbo wa haraka mchapuko wake.

R yao ncha ya ulimi hugusa mara moja tu, mahali fulani kati ya "kura" na "kula". Fu haitumii meno. Ni pumzi unayopulizia uji wa moto. Tsu ndiyo inayotusumbua: t na s kwa pamoja, bila kuteleza ikawa su.

Kuna tabia moja ya Kiswahili inayotusaliti, na mimi ilinichukua mwaka mzima kuiacha. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, wa-i-MBA-ji. Ukiimba Kijapani unaikaza bila kujua, na maneno yanapinda. Dawa yake ni kuyasoma maneno yote kwa sauti moja bapa, ukipiga kidole mezani kwa kila pigo, kidole kisipige kwa nguvu zaidi mahali popote. Fanya hivyo siku tatu kabla ya kuimba. Kisha tafuta maana ya kila mstari, ujue ni wapi mtu analia na ni wapi anakejeli, maana sauti ya kompyuta haikuonyeshi na hilo ndilo pengo ulilokuja kuziba.

Hatua ya 4: Rekodi nyumbani

Huhitaji studio. Unahitaji maiki ya USB ya bei ya kawaida au maiki ya kondensa na kisanduku chake cha kuunganishia, hedfoni zinazofunika masikio yote ili biti isivuje, na programu ya kurekodia. Audacity ni ya bure na inatosha kuanzia.

Chumba ndicho kinachotuumbua. Nyumba zetu ni saruji na vigae, sauti inagonga ukutani na kurudi. Mimi nasimamisha godoro nyuma yangu, natundika blanketi mbili mbele, kabati la nguo naliacha wazi. Feni nazima, friji nachomoa. Narekodi kati ya saa tano usiku na saa tisa, kwa sababu baada ya hapo jogoo wa jirani anaanza, na jogoo akiingia kwenye sauti uliyorekodi hafutiki. Jasho lipo. Weka taulo na maji ya uvuguvugu karibu.

Kaa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye maiki. Mbele yake tundika soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya waya wa henga, izuie pumzi za p na b. Rekodi faili la WAV lenye ubora wa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za muziki) na kilohezi 48, na kilele cha sauti kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Mstari ukigonga 0 umeungua, rudia. Imba mstari kwa mstari, kila mmoja mara tatu hadi tano, kisha chagua. Kibwagizo kirekodi mara mbili zaidi kwa ajili ya kukinenepesha, na uweke sauti ya pili juu yake. Wajapani hiyo huiita hamori, na kava isiyo nayo husikika kama imevuliwa nguo.

Usiweke mwangwi wala kurekebisha sauti mwenyewe kama utamtumia mtu akumiksie, yaani akuchanganyie sauti yako na biti.

Hatua ya 5: Mpe fundi amiksi

Japani kuna watu ambao kazi yao ni kumiksi kava tu. Huku kwetu prodyuza yeyote wa bongofleva au injili anaweza, ukimsikilizisha mifano mitatu, kwa sababu sauti za waimbaji katika nyimbo hizi hukaa mbele zaidi na husafishwa zaidi kuliko alivyozoea. Mtumie kila njia ya sauti kama faili lake, zote zikianzia sekunde ya 0 hata kama mwanzoni pana ukimya, pamoja na biti na karatasi ya maneno. Mkubaliane bei na idadi ya marekebisho kabla hajaanza. Jifunze pia kumiksi mwenyewe taratibu, maana gharama hii ndiyo inayokula faida ya wanaoanza.

Hatua ya 6: Pandisha

Utaite wengi hawaonyeshi sura, huweka mchoro. Mlipe mchoraji akutengenezee mhusika wako, mmoja, utakayemtumia miaka. Wachoraji wa katuni wapo wa kutosha Dar, Nairobi na Kampala, nao wanatafuta kazi.

Kwenye maelezo ya video andika jina la wimbo, mtunzi na kiungo cha video yake, mwenye biti, aliyemiksi, aliyechora. Usimwache mtu hata mmoja. Watunzi hutafuta kava za nyimbo zao, na jina lao likiandikwa sawasawa, kwa herufi za Kijapani, watakuona.

Saa nayo ina maana. Japani wametutangulia kwa saa sita. Mjapani aliyetoka kazini akafungua simu saa moja jioni, hapa ni saa saba mchana. Pandisha saa hiyo. Lenga wimbo mmoja kila wiki tatu au nne, wala usitegemee jukwaa moja. Juni 2024 Niconico ilishambuliwa na wadukuzi ikalala mpaka Agosti 5, karibu miezi miwili, na waliokuwa huko tu walikaa gizani.

Hatua ya 7: Pesa zinapoingia

YouTube hulipa matangazo ukifikisha wanaokufuata 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Zawadi na uanachama vinaanza mapema, kwenye wafuasi 500. Lakini kava yako ikitambuliwa na mfumo wa haki, pesa ya matangazo huenda kwa mwenye wimbo, au mnagawana ikiwa amekubali. Niconico nayo tangu 2011 ina mpango wa kuwalipa watengeneza video, na huyatambua pia mafungu ya wale ambao kazi zao zimetumiwa. Mfumo huo naupenda sana, kwa sababu unasema wazi kuwa mtunzi na mwimbaji wanakula sahani moja.

Kuweka kava kwenye Spotify na kwingineko kunahitaji leseni ya utunzi, ambayo baadhi ya wasambazaji wa muziki hukuchukulia kwa malipo. Biti ya mtunzi usiitumie hapo bila ruhusa yake ya maandishi. Njia nyingine ni kumlipa mpiga kinanda aupige wimbo upya kama ulivyo, rekodi iwe mali yako.

Riziki yenyewe ipo kwenye kuimba kwa oda. Watunzi wengi wa Vocaloid hufika mahali wakataka toleo la sauti ya mtu, au sauti ya kuongoza ya kuonyesha wimbo kwa wateja. Wapo pia watengeneza michezo ya kompyuta na video wanaohitaji wimbo wa mwanzo. Ukiwa na kava 10 safi, tengeneza faili moja la dakika mbili lenye vipande vya sauti zako tofauti: ya upole, ya kelele, ya kunong'ona, ya haraka. Andika chini yake bei, siku za kumaliza, na lugha unazoimba. Kiswahili kiandike pia. Oda yangu ya kwanza ilitoka kwa mtunzi aliyeisikia ile tafsiri moja iliyoruhusiwa.

Bei ihesabu kwa saa: mazoezi, kurekodi, kuchagua vipande, umeme. Wimbo mmoja kwangu ni saa 12 hadi 15. Nusu ilipwe kabla hujaanza, nusu kabla ya kutuma faili zisizo na alama ya sauti inayozuia zitumike bila malipo.

Na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, uwe na vitu hivi: wimbo gani, utatumika wapi, jina lako litatajwaje, na kama una fungu kwenye mapato ya baadaye. Kisha uwe na sentensi inayosema kwamba rekodi zako zisitumike kufunzia sauti ya kompyuta au mfumo wowote wa kuiga sauti bila makubaliano mapya na malipo yake. Saki Fujita aliingia studio akijua anarekodiwa ili sauti yake iwe ala. Wewe nawe una haki ya kujua, na kukataa. Nimeshakataa oda moja kwa sababu ya sentensi hiyo. Mteja aliniomba niiondoe, akagoma kueleza kwa nini.

Malipo ya nje yapangie njia mapema. AdSense, huduma ya Google inayolipa pesa za YouTube, hutuma ukifikisha dola 100. Jaza fomu ya kodi ya Marekani ndani yake, kwani sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa asilimia 30 kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi nao, zikiwemo Kenya na Tanzania, na usipoijaza unaweza kukatwa kwenye mapato yote. Kenya unaweza kutoa pesa za PayPal kwenda M-Pesa. Kwingine muulize mteja kama atatuma benki, na mkubaliane ada ya kutuma inabebwa na nani. Daftari liwe na safu nne: tarehe, wimbo, kilichoingia, kilichotoka. Litakufaa siku ya kuwasilisha hesabu za kodi ya mapato, na litakuonyesha pia ni mwezi gani oda zimeanza kuzidi matangazo. Kwangu ilikuwa mwezi wa 26.